Namba Nne Ina Mwenyewe

Katika tawi letu, tukifika tatu tunarukia tano. Si kwamba hatujui kuhesabu. Bi Maudelle Pruitt, mwanachama wetu mkongwe kuliko wote, alifundisha hesabu sekondari ya kaunti mpaka alipostaafu, na yeye ndiye aliyekuwa mkali zaidi juu ya jambo hili. Kila mwaka Chuo cha Tolbert kinapopata wasichana wapya wa kuingia kwenye chama chetu, tunawapanga kwa kimo, mfupi mbele na mrefu nyuma. Kila mmoja anapewa namba yake, na namba hiyo ataibeba mpaka siku anayozikwa. Moja, mbili, tatu, tano. Mimi mwenyewe ni tano. Nilivuka, yaani niliingizwa rasmi kwenye chama, mwaka wa themanini na sita, na mbele yangu walikuwepo wasichana watatu tu, lakini hakuna aliyewahi kuniita namba nne.

Kila kizazi kilikuwa na maelezo yake. Sisi tuliambiwa kwamba nne ni mkosi. Waliotufuata waliambiwa kwamba msichana mmoja wa zamani alitumbukia kisimani usiku wa kuvuka, na tangu hapo namba yake haiguswi. Tukienda kwenye mikutano ya jimbo, wenzetu wa vyuo vingine wanatuuliza kama watoto wa Tolbert huzaliwa na vidole vinne. Tumezoea. Mtu akiruka kitu muda mrefu huacha kuona kwamba anaruka.

Mimi ndiye mlezi wa tawi. Maana yake, wasichana wakivunja kitu ni mimi, Darnetta, ninayeitwa, na wakishinda kikombe naona picha kwenye simu. Sina mume wala sina subira, na tangu nistaafu kazi ya benki nimekuwa na muda mwingi wa kuwakosesha raha wanafunzi wa watu. Kazi moja ninayoisimamia kwa ukali ni Jumamosi. Kila mwanachama mzee anayeishi peke yake mjini kwetu ana msichana wake, na msichana huyo lazima afike kila Jumamosi, mvua ama jua, amtengeneze nywele, ampikie, amsikilize. Hilo halina mjadala.

Bi Maudelle alikuwa wa Tamirah, mwenyekiti wa tawi, mtoto wa miaka ishirini na mmoja mwenye mikono myepesi na maneno mengi kupita mwili wake. Anasomea mambo ya kompyuta. Jumamosi moja ya Septemba niliwakuta jikoni kwa Bi Maudelle, bibi amekaa kwenye kiti cha chini, kichwa kiko katikati ya magoti ya Tamirah, mpira wa oksijeni puani. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba moyo wake umechoka na hautapumzika tena. Nikachukua kisu, nikaanza kuchambua mboga.

"Bibi, mwaka huu tutakuwa na namba nne," Tamirah alisema huku anachana. "Makao makuu wametuletea mfumo mpya wa kusajili. Unaingiza wasichana kwa mpangilio. Ukiruka namba moja, unagoma."

"Uache ugome."

"Ukigoma, mtoto hasajiliwi. Tumejaribu kila ujanja. Ni namba tu, bibi."

Bi Maudelle aliinamisha kichwa. Nilidhani amesinzia, maana alikuwa anasinzia ovyo siku zile.

"Namba nne ina mwenyewe," akasema.

"Nani? Yule wa kisimani?"

"Kisima gani? Tolbert haijawahi kuwa na kisima. Na acha kunivuta nywele."

"Sikuvuti, bibi. Nimeshaacha kusuka."

Alituambia huku ametupa kisogo, na nadhani ndiyo sababu aliweza. Mwaka wa sitini walikuwa wasichana wanane wakingoja kuvuka. Yeye alikuwa namba tatu, na nyuma yake, namba nne, alikuwepo Vernice Tolliver. Wakati wa mafunzo unatembea umefungana mkono na mwenzako wa nyuma, wiki baada ya wiki, mpaka unajua anavyopumua. Vernice alikuwa fundi wa sindano, na ndiye aliyekunja pindo za magauni yote manane ya kuvukia. Wiki moja kabla ya siku yenyewe akaenda mjini na wanafunzi wengine, wakakaa kwenye viti vya mgahawa wa duka la dawa, mahali ambapo sisi weusi tuliruhusiwa kununua dawa ya kikohozi lakini si kukaa na kunywa soda. Polisi wakawazoa wote.

"Chuo kilikuwa kinaishi kwa pesa za jimbo," alisema Bi Maudelle. "Wakubwa wa jimbo wakapiga simu, na mkuu wa chuo hakubishana nao. Vernice aliambiwa mpaka saa sita mchana awe ameondoka. Mlezi wa mabweni akatuita sisi saba tuliobaki. Akasema atakayeonekana naye atamfuata."

"Mkafanya nini?" Tamirah aliuliza.

"Tulisimama dirishani, ghorofa ya pili. Akapita chini anaburuta sanduku kwenda kituo cha basi."

"Aliangalia juu?"

"Aliangalia."

"Na nyie?"

"Tulirudi nyuma ya pazia."

Kisu changu kilikuwa kimesimama, na sikujua kimesimama tangu lini.

"Wiki iliyofuata tukavuka," akaendelea. "Tukavaa magauni aliyoyakunja yeye. Mlezi wa tawi akamwambia namba tano asogee awe nne. Akakataa. Akamwambia wa sita, naye akakataa. Wote wakakataa, na mlezi hakuweza kutugombeza kwa sauti maana wazazi walikuwa nje wanasubiri. Ushujaa wetu wote uliishia hapo. Mwaka uliofuata tukawafundisha wadogo zetu waruke. Hatukuwaambia kwa nini, tuliogopa. Halafu ikawa desturi, na desturi haiulizwi."

Wale wengine sita walikuwa wameshakufa. Vernice alikuwa hai. Alikwenda Cleveland kwa shangazi yake, akafanya kazi posta mpaka akazeeka, kisha akarudi Alabama, Montgomery, kwenye nyumba aliyoachiwa na dada yake. Bi Maudelle alilijua hilo. Nilipomuuliza amelijua tangu lini, alisema miaka kadhaa, na akawa anatazama mikono yake.

"Na hujampigia simu?" Tamirah aliuliza.

"Ningemwambia nini?"

Bi Maudelle akageuka kwa shida mpaka akatuona usoni. "Nataka kumwona Vernice kabla sijafa. Sitaki kingine. Akisema namba itolewe, itatolewa. Lakini aseme yeye, na mimi nimsikie. Niitieni."

Kwenda Montgomery ni mwendo wa saa mbili. Tulikwenda siku ya pili yake, baada ya ibada, Tamirah anaendesha. Njiani alikuwa na furaha ya mtu anayepeleka zawadi. Na mimi pia, sitasema uongo. Nilikuwa nimeweka kitambaa safi kwenye mkoba kwa sababu nilikuwa na hakika bibi wa watu atalia atakaposikia jinsi tulivyomtunzia nafasi yake miaka yote hiyo. Nilishaanza kuuona uso wake. Nilishaanza pia, Mungu anisamehe, kuona jinsi nitakavyosimulia kwenye mkutano wa jimbo.

Tulimkuta barazani anamwagilia pilipili zake kwenye makopo. Alikuwa mwembamba, sweta ya kahawia, miwani imefungwa kamba. Aliitazama beji yenye herufi za chama kwenye koti langu kabla hajanitazama mimi.

"Nazijua hizo herufi," akasema. "Sinunui tiketi ya chakula cha mchana. Sichangii nguo za mashindano."

"Hatuuzi kitu, mama. Tumetumwa na Maudelle Pruitt. Zamani akiitwa Maudelle Gaines."

Maji yaliendelea kutoka kwenye kopo mpaka pilipili ikazama. Kisha akatufungulia mlango.

Alitupa chai baridi yenye sukari nyingi na hakutuuliza njia ilikuwaje. Nilimweleza habari ya ugonjwa. Halafu Tamirah akamweleza habari ya namba. Aliieleza vizuri, alisimama kabisa katikati ya sebule ya watu akaonyesha jinsi tunavyohesabu, moja, mbili, tatu, mguu mmoja unagonga chini badala ya nne, kisha tano. "Kila mwaka, bibi. Tangu mlipoachana. Hakuna aliyewahi kuivaa."

Vernice Tolliver akacheka. Si kicheko cha kukufanya na wewe ucheke.

"Ngoja nikuelewe, mwanangu. Wasichana wote hao. Miaka yote hiyo. Mnaimba mnaniruka, mnacheza mnaniruka, mnagonga na mguu. Na hamna hata mmoja mwenye simu?"

Tamirah alikaa.

"Nimejifungua Cleveland sina mtu wa kunishika mkono. Mume wangu alipokufa nilipanga viti vya wageni mwenyewe, na nikavirudisha mwenyewe. Nyie mnanitunzia nafasi. Ya nini? Mimi nilitaka watu. Nilitaka mtu mmoja tu aje kituo cha basi asimame na mimi, hata asiseme kitu. Basi lilichelewa siku ile. Kulikuwa na muda wa kutosha."

"Bi Maudelle anakuomba uje," nilisema. "Hana siku nyingi."

"Na namba?" Tamirah aliongeza kwa sauti ndogo.

"Namba mpe umtakaye. Sijawahi kuivaa, nitaililia ya nini? Na Maudelle mwambie hivi. Kutoka kwake mpaka kwangu ni mbali kama kutoka kwangu mpaka kwake. Barabara ni hiyo hiyo moja." Akasimama, akakusanya bilauri zetu kabla hatujazimaliza.

Nilirudi nimefura. Nilimwambia Tamirah njia nzima kwamba yule mama ana roho ngumu, kwamba watu wengine ukiwapa heshima wanaitema, kwamba kizazi kwa kizazi tumeweka uaminifu kwa mtu ambaye hata shukrani hana. Tamirah aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Bi Darnetta," akasema, macho barabarani, "juzi ulikuwa unajua jina lake?"

"Juzi ningelijuaje?"

"Basi tulikuwa tunamheshimu nani?"

Nilitazama mashamba ya pamba yanapita, na nikawaza juu ya vitu vyote tunavyofanya kwa pamoja sisi, tukiwa tumevaa rangi moja, na jinsi tunavyojisikia vizuri tukivifanya. Tulikuwa na wimbo, tulikuwa na hatua, tulikuwa na mguu wa kugonga chini. Mtu mwenyewe alikuwa umbali wa saa mbili anamwagilia pilipili. Mtoto yule alikuwa ameniumbua, na alikuwa na haki.

Kwa Bi Maudelle nilikuwa nimepanga maneno ya kupunguza makali. Tamirah hakunipa nafasi. Alimweleza yote, mpaka basi lililochelewa. Bi Maudelle alisikiliza amelala, macho darini.

"Nileteeni viatu," akasema.

"Daktari amekataza usitoke," nilisema. "Saa mbili kwenye gari, na mtungi wa oksijeni? Utatufia njiani."

"Darnetta. Nimevuka wewe hujazaliwa. Nileteeni viatu."

Tulimshawishi angalau angoje kukuche. Asubuhi tulimvika koti lake la kanisani. Beji ya chama ilikuwa kifuani, ile ya dhahabu ya zamani isiyotengenezwa tena. Aliigusa, kisha akamwambia Tamirah aitoe. "Naenda kwa Vernice," alisema. "Siendi mkutanoni."

Nyumba ya Vernice ina ngazi, na mara tulipofika niliona kwamba hatutazipanda. Tulisimamisha gari kando ya njia, tukafungua mlango wa nyuma, na Bi Maudelle akajigeuza mpaka miguu ikagusa chini. Hakuweza zaidi ya hapo. Vernice alikuwa ametoka barazani kwa sauti ya gari. Alisimama juu, mkono kwenye nguzo, hakushuka.

"Vernice," aliita Bi Maudelle.

"Nani huyo?" Alijua vizuri sana ni nani.

"Maudelle. Maudelle Gaines."

"Maudelle Gaines ninayemjua mimi alikuwa na miguu."

"Imekwisha. Nimekuja na kilichobaki."

Jirani mmoja alikuwa anafagia majani, akaacha kufagia. Mimi na Tamirah tulisimama kila mmoja upande wake wa gari, hatujui mikono yetu tuiweke wapi.

"Nilikuona dirishani," Vernice alisema.

"Najua. Nilikuona unaniona."

"Ukafunga pazia."

"Nikafunga pazia." Bi Maudelle alivuta pumzi, na ilichukua muda kuja. "Niliogopa. Nimetafuta neno jingine miaka yote na sijalipata. Niliogopa, Vernice, na baada ya hapo nikaona aibu, na aibu ikanichelewesha mpaka leo."

Vernice alimtazama. Kisha akatupa mgongo, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilisikia ufunguo unazungushwa.

Basi, nikajiambia, yamekwisha. Nilimwinamia Bi Maudelle nimsaidie kurudisha miguu ndani ya gari. Hakuwa analia. Alikuwa ameukodolea macho ule mlango, na nilipomgusa mguu alinipiga kofi mkononi. "Ngoja," akasema. Nilikasirika, kwa sababu hakuna kitu kinachoniuma kama kumwona mtu mzima anangojea mlango uliofungwa. Tukangoja. Jirani naye akangoja.

Mlango ulipofunguka, Vernice alikuwa na begi mkono mmoja na mfuko wa dawa zake mkono mwingine, na kofia kichwani. Akafunga nyumba, akajaribu kitasa mara mbili, akashuka ngazi moja moja mpaka kwenye gari.

"We mtoto, sogea," alimwambia Tamirah.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Nani anampikia huyu? Hebu mtazame shingo. Mmemwacha amekuwa kama kuku mgonjwa." Akamwinua Bi Maudelle miguu, akaiingiza ndani kwa nguvu kuliko nilivyofanya mimi, akazunguka upande wa pili, akaingia, akajibamiza kitini. "Na wewe usidhani nimekusamehe."

"Sijasema umenisamehe."

"Basi usinisemeshe mpaka tufike."

Walibishana njia nzima. Walibishana kuhusu rangi ya pazia, kuhusu jina la yule mlezi wa mabweni, kuhusu kama ilikuwa mvua siku ile au jua. Tamirah alikuwa anawaangalia kwa kioo, midomo ameibana asicheke, na machozi yanamtoka.

Vernice hakurudi Montgomery msimu ule, ila siku moja kwenda kuchukua makoti na pilipili zake. Alikaa kwenye chumba cha nyuma. Wasichana wangu wakifika Jumamosi walikuwa na vichwa viwili vya kusuka, na kelele za watu wawili. Kila asubuhi Vernice aliamka na kosa jipya la mwaka wa sitini. Leo ni pazia, kesho ni kwa nini hakumwandikia Krismasi ile ya kwanza, keshokutwa ni gauni: mlivaa gauni nililokunja mimi, lilikukaa vipi, mbona hukunitumia hata picha. Bi Maudelle alijibu yote. Wakati mwingine alijibu huku Vernice anamlisha. Nilikuwa nasikia aibu kuwakuta, mpaka nikagundua kwamba bibi yule mgonjwa alikuwa anaongezeka kilo.

Makao makuu walikuwa tayari kumpa Vernice uanachama wa heshima. Nilimletea habari hiyo nikitabasamu, kwa sababu mimi sijifunzi haraka. Alisema ana miaka themanini na tatu na beji itamtoboa sweta.

Lakini Vernice alitaka kumwona kwanza msichana atakayepewa namba nne. Alikuwa anaitwa Amoree, mtoto wa kutoka Mississippi, mrefu kidogo kuliko wa mbele yake, anatetemeka kama anayesubiri sindano. Nilimleta jikoni. Vernice alimzunguka.

"Unajua kushona?"

"Hapana, bibi."

"Unajua kupika?"

"Kidogo, bibi. Mayai."

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Andika simu yangu hapo. Kila Jumapili jioni utanipigia, uniambie unaendeleaje. Usiponipigia nitakuja hapo chuoni kukuvua hiyo namba mbele ya watu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

"Na wenzako wote, wa mbele na wa nyuma yako, unajua mama zao wanaishi wapi? Hujui? Kajue."

Siku ya kuwatambulisha wapya mbele ya chuo kizima, Bi Maudelle hakuweza tena kutoka kitandani, na Vernice alikataa kumwacha. Tamirah akawapigia simu, akaiinua juu ya umati ili wasikie. Wasichana wakahesabu. Amoree alipopaza sauti akasema nne, sisi wa zamani tulipiga kelele mpaka polisi wa chuo wakaja kutazama kuna nini. Baadaye niliuliza ilikuwaje upande wa pili wa simu. Bi Maudelle alikuwa amelia, na Vernice alikuwa amesema yule mtoto anapayuka mno.

Bi Maudelle alikufa Januari, asubuhi. Vernice alikuwa jikoni anapasha uji wa mahindi huku anamgombeza kupitia mlango ulio wazi, jambo fulani la vifungo vya gauni. Bi Maudelle alikuwa anaitikia. Halafu hakuitikia. Vernice alimaliza kusema alichokuwa anasema, akazima moto, ndipo akaenda kutazama.

Tulimzika vizuri, tukiwa tumevaa nyeupe, wanachama wa kaunti tatu. Tulifanya kila linalotakiwa kufanywa. Vernice alikaa na familia, kwa sababu wapwa wa Bi Maudelle walimtaka akae nao, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni nani.

Jioni wageni walipoondoka tulibaki jikoni sisi watatu, mimi, yeye na Tamirah, na masahani ya watu yamejaa mezani. Mimi ni mtu wa benki. Napenda kitu kifungwe nijue kimefungwa. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu Septemba, na sikuweza kulibeba tena.

"Bi Vernice," nilisema. "Mwishowe ulimsamehe?"

Tamirah alinikanyaga mguu chini ya meza. Vernice alikuwa anakausha sahani. Aliendelea kuikausha muda mrefu baada ya kukauka, kisha akaiweka juu ya nyingine.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa bado sijamaliza kumgombeza." Akavuta kiti alichokuwa akikalia Bi Maudelle kusukwa nywele, akakikalia, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza analia.